TV iliyosema "imeunganishwa" na bado haina intaneti: kisa cha nyumba moja Moshi

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaofunga mitandao majumbani, na kwa mwenye nyumba yeyote anayetaka kuelewa anachouziwa. Majina, mtaa na mtoa huduma nimeviondoa. Familia imeniruhusu nieleze yaliyobaki.

Usuli

Nyumba ipo Moshi mjini. Ni ya zamani, ya kuta za mawe, na imekuwa ikiongezwa vyumba kadiri familia ilivyojaliwa. Mwenye nyumba ni bibi, mwalimu mstaafu. Anaishi na binti yake, ambaye anafanya kazi za uhasibu kwa njia ya intaneti, na mjukuu aliyekuwa kidato cha nne. Uani kuna vyumba vitatu vya wapangaji, vijana wanaosoma chuo.

Bibi goti linamsumbua. Tangu mwaka juzi hawezi kuteremka mpaka kanisani kwa miguu, kwa hiyo ibada ya Jumapili anaifuata kwenye TV, moja kwa moja kupitia YouTube. Anavaa kama anayetoka, anaweka kitabu cha nyimbo mapajani, anakaa. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililonirudisha kwenye kazi hii mara tatu. TV ikikwama wakati wa mpira, watu wanaguna tu na kesho wanasahau. Kwa mtu ambaye ibada ndiyo njia yake pekee ya kuwa na wenzake, ikikwama katikati ya sala anabaki peke yake sebuleni.

Intaneti ni ya faiba. Waya unaingilia chumba cha mbele, na hapo ndipo fundi wa mtoa huduma alipofunga kisanduku cha faiba chenye rauta ndani yake. Kifurushi kilikuwa cha Mbps 20, yaani kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Kutoka chumba hicho hadi sebuleni kuna korido na kuta mbili za mawe. Kwa kuwa waifai haikufika uani, mjukuu alinunua rauta ya mtumba, akavuta kebo kupitia darini kama mita 30, akaifunga stoo, karibu na mlango wa nyuma. Alifanya kazi hiyo peke yake kwa siku moja, na wapangaji wakapata waifai. Kila mtu alimsifu.

Malalamiko

Binti wa Bibi alinipigia simu jioni. "Fundi, TV inasema imeunganishwa, lakini chini yake inaandika hakuna intaneti. Simu zetu zote zinafanya kazi. Mtoa huduma wanasema laini ni nzima."

Nilipomuuliza inatokea lini, akasema haitabiriki. Siku tatu nzima haina neno, siku ya nne inagoma kutwa. Wakiizima na kuiwasha, mara inakubali, mara inakataa.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Siku ya kwanza, ninayoihesabu kama ziara ya kwanza, nilitibu kwa simu. Nikamwambia azime rauta ya faiba, ahesabu sekunde thelathini, aiwashe. Haikusaidia. Nikauliza jioni kunakuwa na vifaa vingapi. Akahesabu simu, kompyuta, TV na vya wapangaji, vikafika kumi na vitano. Hapo nikatoa jibu ambalo leo nalijutia: kifurushi hakitoshi, pandisheni. Wakapanda kutoka Mbps 20 hadi 40. Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi baada ya umeme kukatika usiku, TV ikaandika maneno yale yale.

Ziara ya pili nilifika Jumamosi mchana. Nilipomwamkia Bibi aliitikia marahaba, akaongeza kwa upole, "Mwanangu, tumelipa zaidi, ugonjwa haujaondoka." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kuanza upya.

Nilianza kwa kupima kasi nikiwa nimekaa karibu na kisanduku cha faiba. Ilikuja Mbps 38 na ushee. Mtoa huduma hakuwa na kosa. Nikiwa bado napima, binti akasema jambo ambalo hakulihusisha na TV hata kidogo: siku hizi bando la simu yake linaisha haraka, hata akiwa nyumbani kutwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Simu nyingi za sasa zikikuta waifai haina intaneti, zinahamia kwenye bando bila kupiga kelele. Aliye nazo mkononi haoni tofauti mpaka salio liishe. TV haina laini ya simu, haina pa kukimbilia. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba TV ndiyo pekee yenye tatizo. Ilikuwa ndiyo pekee isiyoweza kulificha.

Nikachukua rimoti. Mipangilio, mtandao, hali ya mtandao. Kwenye kioo ikasomeka: anwani 192.168.0.103, lango 192.168.0.1. Kompyuta yangu, nikiwa nimesimama palepale sebuleni na nimeunganishwa kwenye waifai ileile, ilikuwa na 192.168.1.24, na lango lake 192.168.1.1. Tofauti ni tarakimu moja tu, sifuri mahali pa moja, na ugonjwa wote ulikuwa umejificha hapo.

Kwa asiyezoea mambo haya: kila kifaa kikiingia kwenye mtandao wa nyumbani huomba anwani, na rauta ndiyo huigawa. Kazi hiyo ya kugawa huitwa DHCP. Pamoja na anwani, rauta hukitajia kifaa lango, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti. Nyumba inatakiwa iwe na mgawaji mmoja. Hapa walikuwa wawili, kama mtaa wenye wajumbe wawili ambao kila mmoja anawapangia wageni namba za nyumba kwa daftari lake. Rauta ya faiba ilitoa anwani za 192.168.1 na lango lake lilifika intaneti. Ile ya stoo ilitoa za 192.168.0, na lango lake halikufika popote. Kifaa huomba kwa sauti inayosikika na wote, na kwa kawaida hupokea jibu la aliyewahi.

Aliyewahi ni nani? Tulipima kwa saa ya simu. Ile ya mtumba ilikuwa tayari ndani ya sekunde arobaini tangu kuwashwa. Ya faiba ilichukua zaidi ya dakika mbili. Kila umeme uliporudi, rauta ya stoo ndiyo iliyotangulia kugawa anwani. Na lililo chungu zaidi kwangu: kila nilipoagiza wazime rauta ya faiba na kuiwasha, nilikuwa naiacha ile ya stoo ikiwa macho, peke yake, tayari kujibu. Dawa yangu ilikuwa inaongeza homa. Kifaa kikishapewa anwani hukaa nayo kwa muda wa mkataba wake, mara nyingi saa kadhaa hadi siku nzima, na kikizimwa na kuwashwa huomba kwanza ileile ya mwanzo. Ndiyo maana kuizima TV kulisaidia kwa bahati tu.

Tukaenda stoo. Rauta ilikuwa juu ya rafu, nyuma ya gunia la maharage. Ilikuwa na matundu matano, manne ya njano yakiwa pamoja na moja la bluu pembeni. Kebo kutoka kwenye faiba ilikuwa imechomekwa njano.

Nikamuuliza kijana kwa nini hakuweka bluu. Akajibu bila kusita, "Nilianza na bluu, kaka. Haikuleta intaneti. Nilipohamishia njano ikaleta palepale." Nilifungua ukurasa wa mipangilio nikamwelewa. Upande wa bluu, ambao ndio unaopokea intaneti kutoka nje, ulikuwa bado umewekewa jina na nywila za mteja wa zamani, aliyeitumia kwa huduma ya aina nyingine. Kijana alipokosa pale akajaribu tundu jingine, likakubali, akaridhika. Nani angetegemea zaidi kutoka kwa kijana wa kidato cha nne asiye na mwalimu?

Maamuzi na sababu zake

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kebo kwenye njano, kuizima DHCP ya rauta ya stoo, na kuipa anwani 192.168.1.2 ili isibaki kwenye mtandao mwingine. Ingekuwa tu mnara wa pili wa waifai, na nyumba yote mtandao mmoja. Kwa familia isiyo na wapangaji, hiyo ndiyo njia ninayoipendelea.

Ya pili ni kuirudisha rauta katika hali ya kiwandani, kuweka upande wa bluu upokee anwani wenyewe kutoka rauta ya faiba, kisha kuhamisha kebo kutoka njano kwenda bluu. Hapo wapangaji wanakuwa na mtandao wao nyuma ya rauta ya stoo, na ugawaji wake wa anwani hauvuki kurudi upande wa familia.

Nilichagua ya pili kwa sababu ya jambo alilonisimulia Bibi. Jioni moja wakiwa kwenye sala ya familia, TV iliwaka yenyewe na kuanza kupiga muziki. Watu walishtuka. Mpangaji mmoja alikuwa ametaka kutuma video kwenye TV ya rafiki yake, simu ikamwonyesha TV ya sebuleni, akaigusa. Vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja huonana, na huo ni uungwana wa mtandao pale wanapokaa watu wa nyumba moja. Panapokaa wapangaji ni mlango usio na komeo. Binti alishauri wapangaji waondolewe kabisa. Bibi akakataa: "Watoto wa watu wanasoma. Siwezi kuwazimia."

Nilimweleza binti mipaka ya njia hii. Inazuia TV isijitokeze kwenye simu za uani. Haimzuii mtu mjuzi anayejua anwani na ana nia ya kupenya, kwani mtandao wa familia uko upande wa juu wa rauta yao. Rauta ya faiba ilipewa nywila mpya ya waifai na ya mipangilio, ya wapangaji ikapewa yake tofauti.

Kuhamisha kichwa cha kebo kutoka tundu moja kwenda jingine kulichukua sekunde mbili. TV ikasahaulishwa mtandao, ikaunganishwa upya, ikasoma 192.168.1.31. Video ikacheza.

Ziara ya tatu: kebo yenye taa nane

Ningeweza kuishia hapo, ila jioni ya siku ya pili binti akanitumia ujumbe: maneno ya "hakuna intaneti" yameisha, lakini picha inaganda, kile kiduara kinazunguka, hasa kuanzia saa mbili usiku taarifa ya habari inapoanza.

Huu ulikuwa ugonjwa wa pili, uliokuwa umefunikwa na wa kwanza. TV ile inapokea waifai ya gigahezi 2.4 tu. Masafa hayo yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na jioni majirani wote wamo humohumo. Ongeza kuta mbili za mawe. Kuwanunulia TV nyingine au kifaa cha gigahezi 5 kusingesaidia sana, maana masafa ya juu ndiyo yanayoshindwa zaidi na ukuta mnene. TV haitembei. Kifaa kisichotembea kipewe waya, huo ndio msimamo wangu.

Bahati nzuri, nyumba ilipokarabatiwa fundi umeme alipitisha kebo ya mtandao ndani ya bomba kutoka chumba cha mbele hadi nyuma ya TV, kama mita 22, na haikuwahi kutumika. Ina vichwa tayari pande zote. Nikaipima kwa testa yangu, kifaa kinachokagua nyaya za kebo kwa taa nane. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, moja hadi nane, kwa mpangilio. Nikachomeka. TV ikasema imeunganishwa kwa waya, na picha ikawa mbaya kuliko ya waifai.

Nilichomoa kebo kwenye TV nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, nikatuma pakiti 100, yaani vipande vidogo vya data, kwenda kwenye rauta. Hazikurudi 14. Kwenye waya wa mita 22 ndani ya nyumba, inapaswa isipotee hata moja.

Nikasogeza kichwa cha kebo karibu na dirisha, nikakiangalia kwenye mwanga. Kebo hii ina nyaya nane zilizosokotwa wawiliwawili: chungwa, kijani, bluu, kahawia, kila rangi na mwenzake mweupe wenye mstari. Fundi alikuwa amezipanga jozi kwa jozi kama zinavyotoka: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Inapendeza macho, na pande zote mbili zinafanana, ndiyo maana testa iliridhika. Lakini mpangilio sahihi unaotumika sana unataka nafasi ya 3 na ya 6 zikaliwe na jozi moja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani inaruka bluu. Mtandao wa Mbps 100 unatuma kwa nafasi ya 1 na 2, unapokea kwa 3 na 6. Kwa upangaji wa yule fundi, 3 ilisafiri na jozi ya kijani na 6 na jozi ya bluu. Msokoto ndio unaofuta kelele za umeme kati ya nyaya, na nyaya mbili zisizosokotwa pamoja hazina ulinzi huo. Kwenye kipande kifupi huenda usione kitu. Kwenye mita 22 pakiti zinakufa njiani.

Nilikata vichwa vyote viwili, nikabana vipya. Pakiti 100 zikaenda, 100 zikarudi.

Binti aliuliza swali zuri: tundu la waya la TV limeandikwa 100, je, si ndogo? Kifurushi chao ni Mbps 40, na video ya HD kamili huhitaji kama Mbps 5. Hata ya 4K huhitaji 15 hivi au zaidi kidogo. Mia ni nyingi.

Matokeo

Jumapili iliyofuata sikwenda, nilipiga simu mchana. Ibada ilionekana mwanzo hadi mwisho. Nilisubiri umeme ukatike na kurudi mara kadhaa kabla ya kusema kazi imekwisha, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mtihani wake. Kila mara TV ilipata anwani ya 192.168.1. Familia ikarudi kwenye kifurushi cha Mbps 20 mwezi uliofuata na hakuna aliyelalamika. Bando la binti likaacha kuisha kiajabu.

Uchambuzi

Lililofanya kazi kuliko yote ni kusoma anwani kwenye kioo cha TV yenyewe. Ni kazi ya dakika moja, haihitaji kifaa chochote, na hata mwenye nyumba angeweza kuifanya kwa simu nikimwelekeza. Ningeuliza swali hilo siku ya kwanza, "anwani inasomekaje?", familia isingelipia miezi miwili ya kifurushi kikubwa bila sababu. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na jibu mfukoni. Sisi mafundi tumezoea kuiona kasi kama mzizi wa kila kitu, kwa kuwa kasi ndiyo inayotangazwa na ndiyo yenye bei. Nimewarudishia gharama ya ziara ya pili.

Kusikiliza nako kulisaidia. Habari ya bando na habari ya muziki kwenye sala hazikuwa majibu ya maswali yangu. Zilisemwa pembeni, na moja ilinionyesha ugonjwa wakati nyingine iliamua dawa.

Testa ya taa nane niliipa imani isiyostahili. Inaonyesha kwamba waya wa kwanza umefika kwenye wa kwanza, basi. Haijui nani kasokotwa na nani. Siku hizi kichwa cha kebo nisichokibana mwenyewe nakiangalia rangi kwanza, kisha natuma pakiti.

Mambo mawili hayajakaa sawa. Niliwashauri wanunue betri ndogo ya akiba ili kazi ya binti isikatike, nikasahau kuangalia lebo. Rauta ya faiba inatumia volti 12, ya stoo volti 9, na betri waliyonunua inatoa 12 tu. Mjukuu ndiye aliyegundua kabla ya kuichomeka, akaniuliza. Kwa hiyo umeme ukikatika, uani wanabaki bila waifai. Na mpangaji mmoja anayecheza gemu na wenzake mtandaoni anasema tangu mabadiliko hawezi kuwakaribisha kwenye gemu lake, kwa sababu sasa yuko nyuma ya rauta mbili. Hilo linaweza kutatuliwa kwa kufungua njia kwenye rauta zote mbili. Tumekubaliana na Bibi kwamba lisubiri hadi mitihani yao iishe.

Kwenye rafu ya stoo kijana ameyaziba matundu ya njano kwa gundi ya karatasi, na juu yake ameandika kwa kalamu nene: "Kebo ya faiba ni BLUU."